Resini na maji magumu: dakika za bika si dakika za tangi

Wanaopanga mitambo ya kulainisha maji hukosea mara kwa mara kwa kuuchukua muda waliopima kwenye bika (chombo cha kioo cha maabara) na kuupeleka moja kwa moja kwenye tangi la resini, yaani punje za plastiki zinazonasa kalsiamu na magnesiamu, ndio ugumu wa maji, na kuachia sodiamu. Kipimo chenyewe ni chepesi: mililita 5 za resini ndani ya mililita 500 za maji, koroga, chota sampuli dakika ya 1, 2, 5, 10, 20 na 40, kisha pima ugumu kwa EDTA, kemikali inayoshika kalsiamu na magnesiamu, pamoja na rangi ya kiashirio, mpaka wekundu wa zabibu ugeuke buluu. Ugumu hushuka kwa kasi, halafu grafu inalala. Grafu ikilala dakika ya 20, mtu anaagiza tangi la kushika maji dakika 20. Hela zimekwenda bure.

Ndani ya bika punje ni chache na maji ni mengi. Kwenye tangi, lita 1 ya resini ina takriban lita 0.4 tu za maji katikati ya punje, kwa hiyo kalsiamu haina safari ndefu. (Usikoroge kwa sumaku: husaga punje, na unga wake hunasa ioni (chembe zenye chaji, kama kalsiamu) upesi kuliko punje nzima. Majibu yatakudanganya.)

Chukua tangi lenye lita 25 za resini kali ya kushika ioni chanya, maji yakipita lita 400 kwa saa. Gawa 25 kwa 400, zidisha kwa 60: dakika 3.75 za maji kukutana na resini. Hapo resini inafanya kazi vizuri. Pandisha hadi lita 1,200 kwa saa, muda unabaki sekunde 75. Ugumu huanza kupenya mapema ilhali punje nyingi za chini bado hazijajaa. Kupunguza kasi mno nako kuna hasara, kwani maji hujichagulia njia chache na kuacha sehemu ya resini bila kuguswa.

Muda hauongezi uwezo wa resini. Tukikadiria gramu 50 za ugumu kwa kila lita ya resini, lita 25 zitabeba gramu 1,250. Maji yenye miligramu 300 kwa lita yatalainishwa kama lita 4,160, kisha lazima uoshe kwa chumvi.

Kwenye kuosha ndiko haraka huponza zaidi. Kilo 3 za chumvi katika mchanganyiko wa asilimia 10 ni kama lita 28. Zipitishe kwa lita 60 kwa saa, yaani karibu nusu saa, kisha suuza kwa kasi hiyohiyo kabla ya kufungua maji kwa nguvu. Ukizimwaga kwa dakika 8, chumvi nyingi inaishia kwenye mfereji, na mzunguko unaofuata unakuwa mfupi. Fundi atalaumu resini.

Visima vya pwani, kwenye miamba ya matumbawe, vina mtego wao. Maji ya bahari yakiingia kisimani, sodiamu inakuwa nyingi kiasi kwamba kalsiamu kidogo huvuja hata ukipunguza kasi kwa nusu. Hapo tatizo ni msawazo wa ioni, si muda. Pima chumvichumvi ya maji kabla ya kununua tangi la pili. Na kama ugumu unavuja kwenye kisima chenye maji ya kawaida yasiyo ya chumvi, fungua tangi utazame punje: zikiwa na rangi ya kutu, chuma kimezifunika, na kupunguza kasi hakutakiondoa.