Mstari wa chini kwenye karatasi ya kura

Machi 5, 2024 nilitoka zamu ya usiku nikaenda moja kwa moja kituoni, bado nimevaa sare ya kazi. Ilikuwa siku ya mchujo wa urais hapa Minnesota, ambapo kila chama huchagua mgombea wake, na kura yangu ya kwanza tangu nipate uraia wa Marekani. Karani akauliza nataka karatasi ya chama gani. Nikasita. Kwetu Kenya, kabla hujataja chama mbele za watu, unatazama kwanza ni nani aliyesimama nyuma yako. Nikasema Democratic kwa sauti ya chini.

Chini ya majina palikuwa na mstari wa asiyefungamana na mgombea yeyote. Jirani yangu, mama wa Kisomali, alikuwa amenieleza wiki nzima kwamba hapo ndipo atakapotia alama, kupinga msimamo wa Rais Biden kuhusu vita vya Gaza. Michigan walishatangulia Februari 27, zaidi ya watu 100,000. Nilimsihi: "Mama, utaiharibu kura yako." Ndivyo nilivyolelewa kujua. Nyumbani, karatasi isiyochagua mtu ni kura iliyoharibika, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura kama hizo haziingii hata kwenye hesabu ya asilimia za urais.

Usiku matokeo yakaja. Biden alipata takriban asilimia 70. Upande wa Republican, Trump alimwacha Nikki Haley mbali. Hayo yalitarajiwa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari: zaidi ya kura 45,000, karibu asilimia 19. Dean Phillips, mpinzani wa Biden ndani ya Democratic, wakati huo mbunge wa hapa hapa Minnesota, alipata asilimia 8 hivi. Yaani mstari usio na jina ulimshinda mwana wa nyumbani zaidi ya mara mbili! Na kwa kuwa Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano kwa anayefikisha asilimia 15, wajumbe 11 kati ya 75 wakaangukia huko. Watu halisi, wenye viti kwenye mkutano mkuu wa Agosti kule Chicago, wa kumteua mgombea wa chama.

Jirani alipiga simu saa tano usiku. "Kumi na moja," akasema, kisha akarudia. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi nilimpa Biden. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama nitakuja kufuturu kwake, maana Ramadhani ilikuwa imebakiza siku chache.