Imeili ya alfajiri pale Uyole

Mwezi wa sita 2024 nilikuwa nyumbani Uyole, Mbeya, likizo yangu ya kwanza baada ya miaka minne na nusu, na anayeijua Uyole ya mwezi wa sita hahitaji kuelezwa, unalala na mablanketi mawili na kitenge juu na bado unaamka pua imeganda. Sasa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri simu inalia. Usiku dogo, mtoto wa dada yangu, aliniunga bando tukawa tunahangaika na fomu zake za viza, nikapitiwa na usingizi data iko wazi. Imeili ya chuo changu kule Texas. Nikaisoma kwa sauti, hapo ndo nilipokosea, maana Mama alishaamka anapuliza jiko la mkaa, na nyumba yetu ile ukipiga chafya chumbani pole inatokea jikoni.

Ilikuwa fupi tu. Mwanafunzi kaporwa begi na simu kwenye pakingi ya upande wa mashariki, mporaji alikuwa na kisu, kakimbilia barabarani, kavaa hudi nyeusi, msitembee peke yenu, mwenye taarifa apige namba fulani. Jina la aliyeporwa halipo. Kule ilikuwa saa tatu na dakika arobaini usiku, muda ule ule ambao darasa langu la jioni huwa linatoka, na pakingi yenyewe ndo ninayopaki mimi.

Mama akasimama mlangoni na kipepeo chake cha mkaa mkononi. "Ndo huko unakosoma?"

"Ndio Mama, ila..."

"Na ndo huko unakotaka kumpeleka mtoto wa dada yako?"

Dogo alikuwa amepata nafasi kwenye komyuniti koleji, sio ninayosoma mimi ila ni Texas huko huko. Kwa wasiojua, hivi ni vyuo vya miaka miwili, ada yake nafuu ukilinganisha na vyuo vikuu, wengi wetu tunaanzia hapo alafu tunahamia chuo kikuu. Havina geti kubwa wala mlinzi wa kuandika jina lako kwenye daftari, majengo yako barabarani tu, anaingia mwanafunzi, anaingia mzee anayejifunza uchomeleaji, anaingia na asiye na shughuli. Mama alikuwa na picha ya kanisa kichwani mwake, imeili ikaivunja kabla ya chai.

Tulipokaa na chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha akaniuliza swali ambalo nimelifikiria mpaka leo. "Sasa kwa nini wanawatangazia watu wote? Chuo hakioni aibu?"

Nikacheka, ila nilimwelewa. Shule ya bweni niliyosoma mimi, siitaji, yalivunjwa masanduku bweni zima wiki ya mitihani, na mwalimu wa nidhamu akatupanga mstarini akasema atakayepeleka maneno nyumbani anaharibu jina la shule. Tukanyamaza. Muhula uliofuata yakavunjwa tena, na wazazi wakatuma watoto wao na masanduku mapya bila kujua kitu. Kwetu aibu ya tukio anaibeba aliyetendewa na mahali lilipotokea, mwizi mwenyewe anatembea mwepesi.

Nikamwambia Mama, kule walikuwa hivyo hivyo, mpaka binti wa watu akafa. Aliitwa Jeanne Clery, miaka 19, mwanafunzi wa Lehigh University huko Pennsylvania. Mwezi wa nne 1986 mwanafunzi mwenzake aliingia bwenini usiku, milango ambayo ilitakiwa iwe imefungwa ilikuwa imeegeshwa wazi, akamkuta kalala chumbani kwake, akamnajisi na kumuua. Wazazi wake walipoanza kuuliza wakagundua chuo kilishakuwa na matukio mengi tu ya ukatili kabla na hakuna aliyewaambia. Hawakuishia kwenye msiba. Walikishtaki chuo, wakazunguka na hoja yao, mpaka 1990 ikapita sheria ya nchi nzima, na 1998 ikapewa jina la binti yao. Chuo chochote kinachopokea wanafunzi wanaosomeshwa kwa mikopo na misaada ya serikali kuu, kikubwa au kidogo, lazima kiseme uhalifu uliotokea kwake.

"Walikuwa wanaitwa nani hao wazazi?" Mama akauliza.

"Howard na Connie."

"Koni," akarudia. Akamenya kiazi kizima bila kusema kitu. "Mama wa mtoto anaitwa Koni."

Na serikali haitanii, mwezi wa tatu mwaka huo huo wa 2024 Liberty University ya Virginia ilitandikwa faini ya dola milioni 14 kwa kutofuata hiyo sheria. Dogo alipopiga hesabu kwa shilingi kwenye simu akaacha kunywa chai.

Ila msidhani naandika kuwasifia. Na mimi nimeibiwa kule kule. Mwaka wangu wa kwanza, maktaba ghorofa ya pili, nimeacha laptopu mezani nimekwenda kuprinti kurasa tatu, tatu tu jamani, narudi chaja ipo kwenye soketi, waya unaning'inia, laptopu hakuna. Mdomo ulishafunguka nipige yowe la mwizi, kama ningekuwa Mwanjelwa pale nusu ya soko ingekuwa inakimbia saa hiyo, halafu nikatazama watu wote wana vitu masikioni, hakuna hata aliyeinua kichwa. Nikaufunga mdomo.

Nikaenda ofisi ya polisi wa chuo, maana chuo kina polisi wake kabisa. Kioo kinene, askari upande wa pili, ananiuliza kwa upole kuliko nilivyozoea: uliiona mara ya mwisho saa ngapi, meza ya wapi, rangi gani, ina stika, na ile namba ndefu ya mashine iliyoandikwa kwa chini unayo? Sina. Nikampigia ninayekaa naye akapiga picha ya boksi, namba ikapatikana. Dakika ishirini na tano nimepewa kikadi chenye namba ya kesi. Nikaingiza mkono mfukoni nikauliza ni kiasi gani. Yule askari hakuelewa swali, akadhani nauliza bei ya laptopu, akaniambia hiyo mimi ndo najua. Nilikumbuka kituo kimoja huku nyumbani nilipofuata RB, ile karatasi ya taarifa polisi, ya simu iliyoibiwa kwenye daladala nikaambiwa karatasi zimeisha, vuka barabara katoe kopi uje.

Laptopu sijaiona mpaka leo. Kuandika wanajua, kutafuta ni habari nyingine. Siku chache baadaye nikapita pale kaunta nikaomba kuona daftari la matukio, maana chuo chenye polisi au sekyuriti yake lazima kiwe na daftari la kila siku, tukio linaingizwa ndani ya siku mbili za kazi, na la siku sitini za karibuni mtu yeyote akija saa za kazi anaonyeshwa, hata wewe unayepita njia. Nikajiona: wizi, maktaba, tarehe, saa, hali ya kesi. Mstari mmoja. Wiki kadhaa mbele nilipita tena, pale kwenye hali pameandikwa imesitishwa.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize nyie mnaotuma watoto. Kuna ripoti ya mwaka, inatakiwa iwe imetoka kufikia tarehe 1 Oktoba kila mwaka, iko kwenye tovuti ya chuo bure, ina majedwali ya namba za miaka mitatu. Mzazi anaifungua anakuta sifuri, sifuri, sifuri, anashangilia. Laptopu yangu haimo. Sheria inahesabu mauaji, makosa ya kingono, uporaji, shambulio kubwa, kuvunja na kuiba, wizi wa gari, kuchoma moto, na tangu sheria iongezwe 2013 imeingia pia ukatili wa nyumbani, wa wapenzi, na kumfuatafuata mtu. Wizi wa kuokota kitu mezani haumo, isipokuwa kama umefanywa kwa chuki ya rangi, dini na mambo kama hayo. Wangevunja mlango wa ofisi ndo wachukue, ingehesabiwa. Kwa hiyo ukitaka kujua mtoto wako ataibiwa au la, soma daftari, ripoti itakudanganya kwa ukweli.

Halafu hesabu ni ya eneo la chuo, majengo yake mengine ya nje na barabara inayopakana na eneo hilo. Koleji nyingi hizi hazina hosteli, sisi tunakaa mitaani, watu wanne apatimenti moja tunagawana kodi, ukivamiwa kule ni polisi wa mji, kwenye jedwali la chuo huonekani. Na ripoti iliyokuwepo wakati ule ilikuwa ya 2020, 2021 na 2022. Ya 2020 msiifurahie kabisa, ilikuwa korona, majengo yamefungwa, nani angemwibia nani.

Kuna kitu sikumwambia Mama, na naomba wadogo zangu msimsomee. Texas tangu 2017 mwenye leseni ya bastola anaruhusiwa kuwa nayo imefichwa mpaka ndani ya komyuniti koleji, kasoro sehemu chache walizozitenga. Mara ya kwanza kusikia nilikaa darasani nikihesabu mikoba.

La laptopu ni dogo. Kuna dada mmoja wa Iringa, wa Kihesa, tulikutana kule, alikuwa na mwanaume waliyeachana, naye mwanafunzi, akawa anamsubiri. Leo kasimama nje ya maabara, kesho kwenye gari lake, keshokutwa meseji arobaini. Yeye kimya. Namuuliza, ananiambia kaka, mimi niko hapa kwa viza ya masomo, nikiingia polisi wataniona mkorofi, watanirudisha, nyumbani nitasema nini? Na kusema kweli hata sisi tuliomzunguka tulimshauri vibaya, mzee mmoja akasema mkae mtu na mtu muyamalize kiutu uzima, kama vile ni ugomvi wa mpaka wa shamba.

Siku moja akaanza kumsimulia mlezi wa klabu ya wanafunzi wa Afrika. Yule mama akamnyooshea kiganja, akamwambia ngoja, kabla hujaendelea ujue mimi kwa nafasi yangu lazima niripoti chuoni, ukitaka mtu wa kukaa na siri nenda kwa mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, au kiongozi wa dini wa chuo. Dada akaona kama kasalitiwa. Mi nilipokuja kuelewa nikamheshimu yule mama, maana makocha, walezi wa klabu, wakuu wa masuala ya wanafunzi, wote wamebebeshwa huo mzigo na sheria, wengi wao wanakuacha umalize ndo wakwambie.

Alienda kwa mshauri, akatulia siku mbili, kisha mwenyewe akaamua. Alipewa karatasi, nimeiona kwa macho yangu, sheria inadai apewe kwa maandishi: haki zako hizi, unaweza kwenda polisi au usiende, ni uamuzi wako, unaweza kubadilishiwa ratiba, na huu hapa msaada wa mambo ya viza na uhamiaji. Mstari wa viza aliusoma mara tatu. Miezi minne kaogopa kitu ambacho kilikuwa na mstari wake kwenye karatasi. Wakamhamishia kipindi cha asubuhi, na siku alizobaki mpaka jioni gadi alimsindikiza hadi kwenye gari. Mwanaume aliitwa, kesi ya ndani ya chuo ikasikilizwa, mengine ni yake dada, sio yangu ya kuandika.

Habari hii nilimsimulia Mama, nikaruka ya bastola. Akanywa chai yake. Akasema basi huyu aende, ila hiyo karatasi ya namba aione yeye kwanza, ya chuo cha huyu mtoto, sio cha kwangu.

Kesho yake tukapanda bajaji mpaka Mwanjelwa, stesheneri moja karibu na soko, dogo akashusha ripoti ya chuo chake, kurasa sitini na kitu, mwenye stesheneri akashika kalkuleta, tukamwambia punguza moto, printi ukurasa wa jedwali tu. Njiani nikawa namwambia, ukipiga 911, namba ya dharura ya kule, anza kusema uko wapi, jengo gani, mlango upi, maana sisi tunaanza na salamu. Piga picha namba ya laptopu siku unayoinunua. Ijue ofisi ya polisi wa chuo kabla hujaihitaji. Akawa anaitikia "sawa mjomba, sawa mjomba", macho kwenye mahindi ya kuchoma.

Mama akavaa miwani, akaiweka ile karatasi juani kibarazani, akapita na kidole mstari kwa mstari huku namtafsiria. Mauaji sifuri. Uporaji sifuri, sifuri, moja. Akafika chini kidole kikasimama.

"Hapa wameandika tatu. Ni nini hii?"

"Magari, Bibi," dogo akasema. "Yameibwa magari matatu."

"Basi gari lako usiliache pale."

Gari lenyewe hana, hata leseni hana. Lakini akasema sawa Bibi, na karatasi ikaingia kwenye bahasha ya kaki pamoja na pasipoti.