Duara la Mita 100

Sanduku lilinunuliwa kwa sababu ya tupa. Baba mkubwa alikuwa fundi wa kukereza vyuma, amestaafu, na hakuweza kupita mbele ya tupa nzuri ya zamani bila kuuliza bei. Ilikuwa mwaka 2004, miezi ile ya baridi ambayo vumbi jekundu la Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, huingia mpaka ndani ya chumvi. Nyumba moja ya zamani mjini ilikuwa inaondolewa vyombo, nasi tukarudi na sanduku la mbao juu ya baiskeli, mimi nikisukuma, yeye akishika nyuma.

Chini ya tupa na keekee palikuwa na gazeti la Kiitaliano lililofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na kandege, yaani ndege ndogo ya mfano.

Nilikuwa na miaka 19, mwaka wangu wa kwanza wa hesabu chuoni, na jambo la kwanza nililolisema ni kwamba kimevunjika. Hakikuwa na magurudumu. Hakikuwa hata na mahali pa kufunga magurudumu. Mabawa yalikuwa mafupi mno kwa mwili ule, na bawa la kushoto lilikuwa refu kidogo kuliko la kulia, kana kwamba la kulia limekatwa. Mgongo ulikuwa wa mbao iliyopakwa rangi nyekundu, lakini tumbo lote, kutoka puani hadi karibu na mkia, lilikuwa sinia moja la chuma chepesi kilichosubiwa, nalo limechanwa kwa mistari mirefu iliyonyooka. Kwenye ncha ya bawa la kushoto palikuwa na matundu mawili madogo. Upande wa kulia hapakuwa na tundu.

"Kalianguka," nikasema.

Baba mkubwa hakujibu. Alikuwa amekipindua na anapitisha kidole gumba pale chuma kinapokutana na mbao. Kiungo kile hakikupitisha hata ukucha. Akaniambia mtu aliyefanya kazi ya namna hii hakati bawa vibaya.

Aliyetufungulia kitendawili ni jirani yetu, mzee aliyezaliwa Kamalondo wakati Lubumbashi bado inaitwa Élisabethville. Alikuja kuazima nyundo. Akakiona mezani, akasahau nyundo.

"Kale kanazungukaka," akasema. "Mutu anasimama katikati, anashika kamba mbili."

"Papa, kamevunjika, hakana maguru."

"Hakakuvunjika. Kako vile. Maguru inabakia chini."

Akavuta kiti. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 au 12, wazungu fulani walikuwa wakirusha vindege kama hivi Jumapili asubuhi, na yeye alilipwa pipi na sarafu ili ashike mkia injini inapowaka, kisha auachie akipewa ishara. Kandege kilikalia kigari cha magurudumu matatu. Kikishapata mwendo kinaruka, kigari kinabaki ardhini. Mafuta yakiisha kinatua kwa tumbo. Basi ile mistari tumboni haikuwa ajali. Kilikuwa kimetua mara nyingi, kila mara salama.

Tukafungua kifuniko cha juu, na yote aliyoyasema yalikuwemo ndani. Katikati palikuwa na kibati cha pembe tatu kilichotundikwa kwenye skrubu. Kutoka pembe mbili zake nyaya zilipita kwenye yale matundu ya bawa la kushoto, na pembe ya tatu ilisukuma kijiti kilichokwenda kwenye kibawa cha mkia. Ukivuta waya mmoja pua inapanda, ukivuta wa pili inashuka. Hakuna usukani mwingine wowote. Kandege kama hiki huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo bawa la kushoto daima liko upande wa mtu aliyeshika, na tangi la mafuta linawekwa mahali ambapo mzunguko wenyewe utayasukuma mafuta kwenda injini.

Sandukuni palikuwa pia na kopo lenye kigurudumu cha mbao kilichozungushiwa nyaya mbili nyembamba za chuma, zimepakwa grisi. Baba mkubwa alidhani ni za kuvulia samaki. Nilizitandaza uani, nikaongeza kipande cha mshikio na nusu ya mwili wa kandege, nikapima kwa futi ya fundi: mita 15 na sentimita 92.

Namba ile ilinisumbua chakula kizima cha usiku. Kwa nini mtu asiseme 16? Nilikuwa namega bukari, ugali wetu, nilipoona jibu. Nikaacha sahani nikachukua kalamu. Zidisha 15.92 kwa 2, kisha kwa 3.1416. Inakuja 100. Mzunguko mmoja ni mita 100, mizunguko 10 ni kilomita kamili. Mtu hachagui urefu wa namna hiyo kwa ajili ya kucheza. Kandege hiki kilitengenezwa kupimwa kwa saa. Mabawa mafupi, tumbo laini la chuma, magurudumu yanayoachwa chini: kila kilichotuonekana kama pengo kilikuwa kimeondolewa makusudi ili kisiburuze hewa. Nilikwenda kumwamsha baba mkubwa. Aliamka, akasikiliza hesabu yote, akasema nirudie.

Injini ilikuwa na maandishi ubavuni: Super Tigre, na chini yake G.20. Ni injini ya Bologna, Italia, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2.5, ukubwa uliotumika katika mashindano ya kimataifa ya mbio za vindege hivi. Pistoni ilikuwa imekwama. Mafuta ya mbarika yakikaa miaka ndani ya injini yanageuka gundi, na anayelazimisha kwa nguvu anavunja. Baba mkubwa hakulazimisha. Aliweka injini juu ya mfuniko wa sufuria kwenye mbabula, yaani jiko la mkaa, makaa machache, akangoja, akaishika kwa kitambaa na kuigusa propela kama mtu anayemwamsha mtoto. Mara ya nne ikazunguka.

Buji yake, yaani plagi, ina kijiwaya kilichojiviringa chenye platini. Tuliigusisha na betri moja kubwa ya tochi, volti 1.5, nacho kikang'aa rangi ya chungwa. Sijui nani alipiga kelele kwanza. Methanoli ikikutana na platini iliyo moto, kijiwaya kinaendelea kung'aa chenyewe hata betri ikiondolewa, kwa hiyo injini haihitaji koili wala sumaku. Mafuta yake ni methanoli asilimia 80 na mafuta ya mbarika asilimia 20. Ya mbarika tulipata duka la dawa, yanakouzwa kwa watu waliofunga choo. Methanoli tulipewa kidogo na mtu wa maabara, naye alituapisha kwamba chupa haitaachwa peke yake nyumbani, maana inafanana na pombe na inapofusha. Baba mkubwa aliifungia kabatini, na ufunguo akautundika shingoni.

Kigari alitengeneza mdogo wangu. Alikuwa na miaka 10, na katika mtaa wetu hakuna aliyemshinda kwa magari ya waya. Magurudumu aliyakata kwenye soli za kandambili. Jirani alikumbuka pia nguzo ya katikati, yenye uma juu, ambayo mkono hukaa ndani yake mtu anapozunguka. Tukachukua uma wa baiskeli mbovu.

Siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya upepo, tulikuwa kwenye uwanja wa mpira wa ardhi ngumu. Watoto wa mtaa walikuwa wameufagia duara zima. Kwanza tulining'iniza mfuko wa unga wa kilo 10 kwenye nyaya. Nilikuwa nimehesabu kwamba kandege cha gramu 450, kikienda kilomita 130 kwa saa, kitavuta kama kilo 4. Nyaya hazikulegea.

Baba mkubwa akampa jirani mshikio. Mzee akautazama, akaurudisha.

"Mimi ni wa mukia. Ile kazi ndiyo niliijua."

Akapiga magoti nyuma ya kandege, akaushika mkia kwa vidole viwili vya kila mkono, na nikaona kwamba vidole vile havikutafuta mahali pa kukaa. Mshikio ukaja kwangu.

Injini ilitukatalia karibu nusu saa. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yake ni pungufu, na kwa hewa pungufu mafuta yanazidi. Baba mkubwa alikuwa anafunga sindano ya mafuta robo kwa robo, kidole chake kimepasuka, damu na mafuta ya mbarika pamoja. Kisha ikashika. Sauti ile siwezi kuifananisha na pikipiki. Ilikuwa nyembamba, kali, inaingia kwenye meno. Aliifungua sindano kidogo tena, kwa sababu jirani alisema hewani itajikaza yenyewe, akajitupa chini.

Mzee akaachia.

Kigari kiliruka mawe mawili, nikadhani basi, kisha nikahisi mkono unavutwa. Kandege kilipanda ghafla juu ya vichwa vya watu na watoto wote wakalala chini. Nilishusha kifundo cha mkono, kidogo tu, nikauweka mkono ndani ya uma wa baiskeli, na kandege kikatulia. Tangu hapo sikuona uwanja. Niliona kitu chekundu kimesimama mbele yangu bila kusogea, na nyuma yake dunia inakimbia: miti, ukuta, watu, miti, ukuta, watu. Miguu yangu ilizunguka nguzo yenyewe. Sauti ilikuwa imepanda juu zaidi, kama alivyosema mzee. Kwa mbali nilimsikia mdogo wangu akihesabu, na umati wote ukihesabu naye.

Sekunde 27, kwa saa ya simu. Kilomita 1 kwa sekunde 27 ni kilomita 133 kwa saa. Siku zake, kikiwa na mafuta bora na mtu anayejua, kilikwenda kasi zaidi ya hapo, hilo nina hakika nalo.

Injini ikakata. Ukimya ulikuja kwa ghafla, na kandege kikaendelea kwa mzunguko mzima karibu, kikishuka polepole, mpaka tumbo likagusa ardhi kwa mlio mrefu wa chuma na vumbi likanyanyuka nyuma yake. Nilikaa chini kwa sababu sikuweza kusimama.

Jirani alifika kwanza. Alikibeba kwa mikono miwili, moshi bado unatoka, akakileta pale nilipokaa na kukipindua. Pembeni mwa ile mistari mizee, iliyokwisha kuwa myeusi, palikuwa na mingine mitatu, mipya, inayong'aa.