Wazalisha wa Misri na Mawe ya Shinkolobwe

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kila nikifungua Biblia nakutana na swali moja, lile Mungu alilomuuliza Kaini: "Umefanya nini? Sauti ya damu ya ndugu yako inanilia kutoka katika ardhi." Ni mwezi wa nane, na kila tarehe 6 ya mwezi huu dunia inakumbuka Hiroshima, mji wa Japani ulioangushiwa bomu la atomiki mwaka 1945. Sisi wa Katanga, huku Kongo, hatuwezi kuikumbuka kama watu wa mbali. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu la Marekani ilitoka Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi. Mwaka 1939 Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt, na ndani yake Kongo ya Wabelgiji ilitajwa kuwa chanzo kikuu cha urani. Mwaka uliofuata Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba madini huku, akapeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Baba zetu ndio walioyachimba na kuyapakia, pasipo kuelezwa yanakwenda kufanya nini.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Jambo hili linaniuma kama mtoto wa udongo huu, tena linaniuma kama mtu wa elimu ile ile.

Wako ndugu wanaosema fizikia ni elimu ya shetani. Siwakubali. Radiamu, elementi yenye mionzi iliyotoka katika mawe ya Shinkolobwe, ikasafishwa Olen kule Ubelgiji, ilitumika kutibu kansa miaka mingi kabla ya bomu. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, kilichowashwa Kinshasa mwaka 1959, kililetwa kwa juhudi za padri, Monsinyori Luc Gillon, naye alikuwa mwanafizikia. Mawe hayana dhambi.

Kinachonisumbua ni mtu mwenye ujuzi. Pale Los Alamos, Marekani, bomu lilikotengenezwa, wanasayansi wengi waliingia kwa hofu ya kweli kwamba Hitler angetangulia kupata bomu. Mwisho wa mwaka 1944 ikawa wazi kwamba Wajerumani hawalitengenezi. Joseph Rotblat, Myahudi wa Polandi, akaona sababu iliyomleta imekwisha, akafunga mizigo akaondoka. Mke wake alikuwa amebaki Polandi mikononi mwa Wanazi, na hakumwona tena. Kama kuna mtu aliyekuwa na kisa cha kulipiza, ni yeye. Akarudi Uingereza, akaipeleka elimu yake hospitalini, akazipinga silaha hizo mpaka uzee wake, na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lise Meitner naye, aliyesaidia kueleza jinsi kiini cha urani kinavyopasuka, alialikwa akakataa tangu mwanzo.

Nikisoma habari zao nawaona Shifra na Pua katika Kutoka 1. Farao alikuwa na majeshi, lakini kwa kazi ya kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania wakizaliwa aliwahitaji wazalisha, wanawake wenye mikono inayojua, wanaoruhusiwa kuingia chumba ambacho askari haingii. Mtawala hawezi kuunda bomu kwa amri yake tu. Anamtafuta mwenye elimu, anamlipa vizuri, anamwambia wewe fanya sehemu yako, mengine tuachie sisi. Shifra na Pua hawakuwa na bunduki wala cheo. Walimcha Mungu, basi wakakataa kufanya kama walivyoamriwa, na watoto wakaishi. Biblia imetupa majina yao. Jina la Farao yule haikulitaja.

Msiseme hayo ni ya Los Alamos. Kijana mmoja niliyemfundisha, mtoto wa kanisa, amepata kazi kwenye depo ya kununua madini. Anashika kile kifaa cha mkononi kinachopiga mionzi kwenye mawe na kuonyesha tenere ya kobalti, yaani kiasi cha kobalti kilichomo ndani ya mawe. Mionzi inagonga atomi, na kila atomi inajibu kwa namna yake, kobalti kama kobalti, shaba kama shaba, jinsi Muumba alivyoziweka. Mchimbaji ametoka shimoni na gunia lake, hana namna ya kuhakikisha. Anaangalia namba tu, na kwa namba hiyo analipwa. Kijana akaniambia, "Papa, banasema nipunguze tenere. Nikikatala batanifukuza."

Nyumbani kwao bukari, yaani ugali, inategemea mshahara ule. Nimepigana na moyo wangu, maana ni rahisi kumwambia avumilie, aombe, Mungu anaona. Lakini Mithali 11:1 iko wazi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Nimemwambia asitaje namba ambayo kifaa hakikuisoma.

Sasa nasema nanyi wazee wa kanisa, kwa upendo. Tumepokea sadaka za wenye depo, tukawapa viti vya mbele, tukaombea biashara zao zipanuke. Nani amewahi kuwauliza habari za vipimo vyao? Halafu tunataka kijana asimame peke yake mbele ya Farao! Kama tunawahubiri Shifra na Pua, tuwe tayari kumlisha Shifra siku atakayofukuzwa. Mfuko wa diakonia, ule wa kusaidia wahitaji, tulioutumia kununua vipaza sauti, sasa ununue unga.

Na ninyi wanafunzi wa fizikia wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mnaosali nasi, Jumapili baada ya ibada msiondoke. Tutakaa na wachimbaji wa kanisa letu tuwaeleze kifaa kile kinavyosoma, kwa nini mawe yaliyolowa au yasiyosagwa yanatoa namba nyingine, na kwa nini wapime mahali pa pili kabla ya kuuza. Mimi nitaleta ubao na chaki.