Siku moja maishani mwangu: mtunza maji ya samaki Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Manyatta, nazima pampu ya hewa iliyokuwa ikivuma ndani ya pipa usiku kucha. Maji ya mfereji yana klorini ya kuua vijidudu, na kwa anayekunywa hiyo ni heri. Kwa samaki klorini huunguza matamvua wanayopumulia, na huua bakteria ninaowafuga. Kwa hiyo nayalaza maji na kuyavurugisha kwa hewa mpaka klorini itoke, kisha nayajaza kwenye mitungi ya lita 20.

Naam, nafuga bakteria. Natunza matangi ya kioo ya samaki wa mapambo katika hoteli, zahanati na nyumba za watu, na wengi wakiniona na ndoo na mpira wa maji hudhani nimekuja kuosha vioo.

Saa moja hadi saa tatu na nusu nimepita kwa wateja wa zamani. Robo ya maji nje, robo ndani, sponji ya filta naisuuza ndani ya maji yaleyale niliyoyatoa, naondoka. Tangi lililokomaa, lenye bakteria wa kutosha, halina makelele.

Saa nne niko Milimani, kwenye mkahawa mmoja ghorofa ya pili, na hapa ndipo siku yangu ilipoishia. Tangi ni la lita 200, lilijazwa wiki iliyopita. Tulikubaliana na mwenye mkahawa kwamba tutasubiri wiki nne hadi sita, na tukianza na samaki, tuanze na wawili watatu wadogo. Nafika nakuta samaki wa dhahabu kumi na wawili. Wamejazana juu, midomo imegusa uso wa maji, mapezi wameyakunja. Chini kwenye changarawe kuna chakula kimevimba.

"Fundi, karibu. Umeona walivyo warembo?"

"Madam, hawa wanakosa pumzi."

"Maji si masafi? Hata gazeti unaweza kusoma ukiwa upande wa pili."

Alisema kweli, yalikuwa yanang'aa. Taabu ya kazi hii ni kwamba amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, haina rangi. Samaki huitoa kupitia matamvua, chakula kinachooza huongeza nyingine, na katika tangi jipya hakuna wa kuila. Bakteria wa kwanza huibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huistahimili mradi maji yabadilishwe mara kwa mara. Bakteria hawa wote ni wazito wa kuzaana. Wale wa uozo wanaweza kuongezeka maradufu chini ya saa moja, hawa wangu huchukua karibu siku nzima. Huwezi kuwaharakisha kwa pesa.

Nikamwomba asimame karibu aone. Nikachota mililita 5 kwenye chupa ndogo ya kupimia, nikatia matone, nikatikisa, tukangoja dakika tano. Maji salama hubaki ya manjano. Haya yaligeuka taratibu yakawa kijani kama jani la mgomba: amonia kati ya miligramu 2 na 4 kwa lita. Nikapima pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ikawa karibu 7.8. Hilo ndilo lililonitia hofu, maana pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo kali huongezeka takriban mara kumi, na joto la Kisumu huizidisha.

"Lakini samaki wa ziwani kule Dunga wanaishi kwenye maji ya matope!"

"Ziwa ni kubwa madam, uchafu wa samaki mmoja unapotea. Hapa anaoga na kunywa haja yake mwenyewe."

Akanyamaza kidogo, kisha akaleta lile ninalolisikia kila mahali: nimwage maji yote, nioshe changarawe na filta kwa sabuni, tuanze upya. Nikakataa. Ndani ya ile filta niliweka kipande cha sponji kutoka tangi la zamani, chenye bakteria hai. Kukiosha ni kuua wale wachache tulio nao, na sabuni haitakiwi kabisa kufika kwenye tangi. Nikamwambia dawa ni kupunguza samaki: niwachukue wanane nikawaweke kwenye tangi langu lililokomaa, niwarudishe kidogo kidogo. Akasema Jumamosi ana wageni, na tangi tupu litamwaibisha. Tulibishana pale karibu na kaunta huku wateja wakiagiza chai, nami nikimwonyesha samaki mmoja aliyeanza kulala ubavu. Mwishowe akaniachia sita. Si wanane, lakini nilishukuru.

Ikaja kazi ya mikono. Nusu ya maji ni lita 100, mitungi mitano, na ngazi za jengo lile ni nyembamba. Mhudumu mmoja, kijana mpole, alinisaidia miwili. Nilimwaga polepole, joto la maji mapya likiwa sawa na la zamani, huku nikifyonza chakula kilichooza kwa mpira. Nikiwa nusu ya kazi, stima ikapotea. Filta ikizima, maji hayapiti kwenye sponji na bakteria hukosa oksijeni, kwa hiyo nikafunga pampu ya hewa ya betri na kukaa kando yake mpaka stima iliporudi. Saa sikuiangalia tena. Njaa iliuma, mgongo uliuma zaidi.

Nilipowapeleka wale sita kwa tuktuk, mfuko mapajani, dereva aliniuliza kama ni wa kupika. Kisha nikarudi Milimani na mitungi mingine. Kubadilisha nusu ya maji hupunguza amonia kwa nusu tu, hivyo safari moja isingetosha. Jua lilikuwa limeshazama nilipopima tena: kijani kimefifia, bado hakijawa manjano, ila samaki walikuwa wameshuka katikati ya tangi wakitembea. Yule aliyelala ubavu alikuwa amesimama wima. Nilifurahi sana, nisiseme uongo.

Kwenye malipo alitaka kupunguza, eti sikuuza kitu. Nilimweleza kwamba nauza samaki walio hai mwezi ujao. Alilipa yote.

Saa tatu usiku simu ikalia. "Fundi, wanakuja kwenye kioo wakiniona. Niwape kidogo tu?"

"Hapana madam, usiwape kitu leo wala kesho. Samaki mwenye afya hukaa siku kadhaa bila kula, lakini hawezi kukaa na amonia."

Akaniambia amefungia kopo la chakula kwenye droo ya kaunta na ufunguo anao yeye. Nikamwambia nitafika saa mbili asubuhi na mitungi mitano.