Siku moja maishani mwangu: fundi wa Linux, Mtwara mjini

Saa 1:30 asubuhi

Nafungua banda langu jirani na Soko Kuu. Kabla ya chai naandaa flashi mbili za Linux, mfumo endeshi huria unaoweza kukaa badala ya Windows: ya Linux Mint, toleo jepesi la Xfce kwa mashine zenye RAM ndogo, na ya Debian. Mafaili nimeyashusha jana kwa bando la usiku, na sasa nalinganisha alama za SHA256, zinazoonyesha kama faili limefika zima. Faili likifika pungufu, lawama zote hubebeshwa kompyuta ya watu.

Saa 2:15

Mwalimu wa sekondari kutoka Shangani amefika. Shikamoo mwalimu, marahaba, karibu kiti. Laptopu yake ni Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, betri bado inakaa. Ameambiwa anunue nyingine, kwa kuwa Microsoft walifunga usaidizi wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa mpya zaidi. Kwa Intel, karibu zote ni za kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nzima kama hii kuitwa takataka kunaniuma kweli. Mshahara wa mwalimu una kazi nyingine za kufanya.

Sifuti kitu. Nachomeka flashi, nagonga F9, Mint inawaka bila kugusa diski. Tunakagua pamoja: sauti, kamera, mwanga wa skrini, kisha tunaifunika na kuifunua tuone kama inaamka. Inaamka. Ila Wi-Fi haionekani kabisa.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema Linux haifai. Naandika amri inayoorodhesha vifaa vya ndani na dreva zake, yaani programu zinazoviendesha:

lspci -nnk

Kwenye mstari wa mtandao nasoma BCM43142, na pembeni yake 14e4:4365. Chini ya mstari huo hakuna dreva ya Wi-Fi yenyewe iliyotajwa. Namwonyesha mwalimu zile tarakimu: 14e4 ni Broadcom, aliyetengeneza chipu; 4365 ni chipu yenyewe. Jina lililo kwenye mfuniko halitoshi, maana laptopu mbili za modeli moja zinaweza kuwa na kadi tofauti za Wi-Fi ndani. Dreva ya chipu hii haimo kwenye kerneli, kiini cha Linux, huwekwa pembeni. Sasa utaishushaje bila mtandao? Nachomeka simu yangu kwa waya wa USB, nawasha kushiriki intaneti, na Linux inaiona kama kadi ya mtandao papo hapo.

Mwalimu ameshanakili mafaili yake kwenye diski ya nje, naye anakubali. Naweka Mint, kisha dreva. Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizotambuliwa wakati wa kuwasha, iko kazini, kwa hiyo kerneli haitaipokea dreva hiyo mpaka ufunguo wake usajiliwe: unachagua nenosiri, unawasha upya, inatokea skrini ya bluu ya MOK, ya kusajili funguo, unachagua Enroll. Watu huipita skrini hiyo kwa haraka, halafu wanashangaa Wi-Fi imegoma. Tumeisoma taratibu. Wi-Fi imekamata.

Saa 5:00

Katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kutoka upande wa Nanyamba. Laptopu yake ni mpya na anataka Linux kando ya Windows. Flashi inawaka vizuri, lakini kisakinishi hakioni diski. Naingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta: hifadhi imewekwa hali ya RST badala ya AHCI, ambayo kisakinishi huielewa. Kubadili ni kubonyeza mara moja, ila Windows iliyomo inaweza kukataa kuwaka usipoitayarisha kwanza kupitia Safe Mode, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, itadai ufunguo wa dharura. Namuuliza ufunguo uko wapi. Hajui. Namuuliza na aina ya printa, kwa sababu zipo zisizo na dreva ya Linux, na mkulima anataka risiti yake.

Nimemrudisha bila kugusa kitu. Ndani ya mashine hiyo kuna kilo za korosho za watu, na minada inaendelea. Atafute ufunguo kwanza, anakili hesabu zote, msimu ukiisha aje.

Saa 7:30

Wali na samaki. Umeme umekatika, umerudi.

Saa 9:00

Mwanafunzi wa chuo ana kijilaptopu cha Atom, RAM GB 2 zilizochomelewa kwenye bodi, hifadhi ya GB 32. Flashi ya Mint haionekani kabisa. Prosesa ni ya biti 64 lakini UEFI yake, programu inayoiwasha kompyuta, ni ya biti 32, na inatafuta faili liitwalo bootia32.efi. Debian walianza kuushughulikia mchanganyiko huu kwenye toleo la 8, mwaka 2015, kwa hiyo flashi ya pili imewaka. Nimemweleza wazi: kuandika na kusoma PDF, sawa, vichupo kumi vya kivinjari, hapana. Amekubali.

Saa 11:30

Naandika kwenye daftari kubwa: modeli, namba za chipu, kilichofanya kazi na kilichogoma. Daftari hili limeniokolea muda kuliko kifaa chochote hapa bandani.

Ukiwa Masasi, Newala au Lindi na unataka kuniletea mashine, washa Linux kutoka kwenye flashi, andika lspci -nnk, unitumie picha ya skrini kabla hujakata tiketi ya basi.