Siku moja maishani mwangu: maji kwanza, unga baadaye

Saa 11 alfajiri. Umeme hakuna, kama jana. Nawasha makaa uani, naweka maji ya chai, huku nasema peke yangu kwa sauti. Jirani zangu hapa Kenya (mtaa wa Lubumbashi, Kongo, si ile nchi) wamezoea. Nashughulikia usalama kazini katika kiwanda cha shaba nje kidogo ya mji, na kazi hiyo karibu yote ni mdomo. Karatasi yangu ina mistari mitatu tu. Nikiandika zaidi nitasoma, na nikisoma wataanza kuangalia viatu vyao.

Saa 1 asubuhi. Kozeri. Ndivyo tunavyoita mazungumzo ya dakika 10 kabla ya kazi: watu 30 ndani ya salopeti, yaani ovaroli, mashine bado zimezimwa. Leo ni asidi ya salfuriki, ile inayotoa shaba ndani ya mawe. Unapoipunguza ukali, asidi ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukigeuza, joto linapanda ghafla, inachemka na kukurukia usoni.

Mwaka wangu wa kwanza nilisoma kanuni hii kwa Kifaransa, neno kwa neno. Wote wakaitikia "oui, madame". Wiki ileile mmoja wao akamwaga maji ndani ya pipa la asidi. Tulimwosha mkono bombani zaidi ya robo saa. Kifaransa ni lugha ya ripoti zetu. Mkono ule uliungua kwa sababu hawakunielewa na hakuna aliyethubutu kuniambia.

Siku hizi naanza na bukari, ugali wetu. Nauliza: "Bukari, unaanza na nini?" Wanajibu pamoja: maji! "Halafu?" Unga! "Kuna mama hapa Katanga anayeanza na unga?" Kicheko. Basi asidi ndiyo unga wetu. Simalizi na "mmeelewa?", maana hakuna mtu mzima atakayesema hapana mbele ya wenzake. Nilimwomba kijana mmoja mgeni anielekeze, kana kwamba mimi ndiye sijui. Akageuza. Watu wakaangua kicheko na mimi, nakiri, nikacheka nao. Nikamwambia, "Hebu rudia, pengine mimi nilieleza vibaya." Akarudia sawasawa, lakini macho yake hayakunitazama tena.

Saa 4. Simu na wakubwa wa Kinshasa, ambako ndiyo kwanza saa 3. Salamu siziachi, ila nazifupisha, kisha ombi papo hapo: mabomba mawili ya kuogea kwa dharura, moja kila upande wa karakana. Zamani nilianza na historia ndefu, nikikaribia ombi mtandao umekatika. Nikishaomba, nanyamaza. Hapo ndipo pagumu. Ukimya wa simu unawasha mdomo, na kila nilipoujaza nilijipunja mwenyewe: "au hata moja tu." Leo nilivumilia. Wamekubali moja, la pili, "tutaona".

Saa 7 mchana. Bukari, sombe (majani ya muhogo), na samaki kidogo.

Saa 8. Fundi Mchina amekuja na mkalimani. Kichina kinakuwa Kifaransa, nami nakigeuza Kiswahili kwa vijana. Nasema sentensi fupi na kungoja, namtazama fundi mwenyewe badala ya mkalimani, na kila namba naiandika sakafuni kwa chaki. Lita 15 na lita 50 zimeshatuchanganya mara moja, inatosha.

Saa 10 jioni. Namkuta yule kijana wa asubuhi bombani, ananawa, yuko peke yake. Nilimngoja hapo makusudi.

"Ndugu yangu, asubuhi nilikucheka mbele ya watu. Haikufaa. Nisamehe."

Akafuta mikono kwenye salopeti.

"Si kitu, mama. Lakini mie sijapikaka bukari hata siku moja. Nyumbani ni dada anapika. Sijuaga anaanza na nini."

Nilibaki mdomo wazi. Mfano wangu mzuri, niliojivunia miezi yote, na karibu nusu ya wale wanaume pengine waliitikia "maji!" kwa kufuata wenzao.

Saa 2 usiku. Kesho ni ngazi. Natafuta mfano, na safari hii nimeanza kwa kumuuliza mume wangu.